Shule ikifungwa, sahani ya mtoto inabadilika

Ndugu memba wa koperativi, wengine watauliza: habari ya mtoto mnene inatuhusu nini sisi wakulima, wakati katika nchi yetu watoto zaidi ya 4 kati ya 10 wa chini ya miaka 5 wamedumaa? Inatuhusu sana. Kudumaa na kunenepa kupita kiasi vinaweza kutoka kwenye sahani moja: bugari nyingi, maharagi kidogo, mboga hakuna.

Tukumbuke mwaka 2020. Mwezi wa Machi, korona ilipoingia, shule zilifungwa nchi nzima na mpaka wa Rwanda ukafungwa. Malori yaliendelea kupita, lakini wamama waliokuwa wanavuka kwa miguu kuleta tomati na mboga kutoka Gisenyi walizuiwa. Watoto wengi walirudi darasani Oktoba, kisha shule zikafungwa tena kuanzia Desemba hadi Februari 2021.

Angalia sasa kartié ya Mabanga, hapa Goma. Parseli ni ndogo, nyumba zimebanana juu ya mawe ya volkano. Mtoto asipotembea kwenda shule, asipocheza mpira na wenzake, mwili wake hautumii chakula kile anachokula. Mboga zikipanda bei, mama ananunua kinachoshibisha haraka: bugari, mandazi ya mafuta, chai ya sukari. Mtoto aliyekuwa mnene tayari ndiye anaumia zaidi. Kule Marekani walifuata watoto zaidi ya 430,000: wakati wa korona kasi ya kunenepa ilikaribia kuongezeka mara mbili, na waliozidiwa zaidi ni wale waliokuwa na uzito mkubwa tangu mwanzo.

Kwetu watu wanasema, «Mutoto iko munene, ni baraka.» Lakini uzito ukipita kiasi unaleta presha, ugonjwa wa sukari na shida ya kupumua usiku. Tena korona ilikuwa kali zaidi kwa watu wenye unene huo. Na kupima uzito kwenye CPS kunaishia miaka 5. Mtoto wa shule hapimwi mpaka mzazi ampeleke mwenyewe kwenye sentre de sante.

Koperativi ifanye nini kabla ugonjwa mwingine haujafika?

Kwanza, pateni mapema na wamama wauzaji wa Mabanga siku na bei ya mzigo, ili njia ikifungwa upande mmoja, upande mwingine ulishe mji. Kabichi na karoti za Kibumba zinavumilia siku nyingi. Zitangulie kwenye mpango.

Pili, toeni mbegu za lengalenga kwa familia za mjini. Gunia moja la udongo linatosha hata juu ya mawe.

Tatu, kwenye mikutano waambieni wazazi: maji badala ya soda, kwa sababu chupa ya sentilita 33 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Kuruka kamba kwenye parseli kunafaa, kuchota maji pia.

Mwisho, tusimcheke mtoto mnene wala kumnyima chakula. Sahani yake ni ya familia nzima: ibadilishwe kwa wote, naye atapona pamoja nao.