PIN, OTP, URL: Vifupisho vya Kiingereza Katika Huduma za Mtandao na Maana Zake

Huduma nyingi zilizomlazimu mkazi wa Titye kufunga safari hadi mjini sasa huanzia kwenye simu ya mkononi. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali hupokelewa kwa ujumbe mfupi, matokeo ya mitihani husomwa kwenye tovuti, na mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake kwa njia ya mtandao. Katika kila hatua ya safari hiyo mwananchi hukutana na vifupisho vya Kiingereza. Asiyevielewa huweza kupoteza fedha au nafasi aliyostahili kuipata.

Makala haya yanawalenga hasa vijana wanaojifunza Kiingereza. Kwa watoto wengi wa eneo letu, Kiha ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ndiyo lugha ya shule ya msingi. Kiingereza huanza kutumika kufundishia masomo mengi wanapoingia kidato cha kwanza. Mara nyingi vijana hao ndio wanaoombwa na wazazi na babu zao kusoma ujumbe ulioingia kwenye simu.

Vifupisho si vigeni kwetu

Kiswahili chenyewe kina vifupisho vingi. LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Vifupisho vya aina hii, vinavyotamkwa kama neno moja, huitwa akronimu. Vingine hutamkwa herufi moja moja, kama TRA. Kiingereza nacho kina aina hizo mbili: PIN na SIM hutamkwa kama neno, ilhali SMS, OTP na URL hutamkwa herufi moja moja.

Tofauti hiyo huathiri sarufi. Katika Kiingereza, uchaguzi wa "a" au "an" hufuata sauti inayosikika, wala haufuati herufi inayoonekana. Huandikwa "an SMS" kwa kuwa herufi S hutamkwa kwa kuanza na sauti ya irabu. Huandikwa "a SIM card" kwa kuwa SIM ni neno linaloanza na konsonanti, na "a URL" kwa kuwa herufi U hutamkwa "yu".

Vifupisho vinavyolinda fedha

PIN ni ufupisho wa "Personal Identification Number", yaani namba ya utambulisho binafsi, ambayo kwa kawaida tunaiita namba ya siri. Kwa kuwa neno namba limo tayari ndani ya kifupisho, anayesema "PIN namba" amelitaja mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa "TIN namba", kwa sababu TIN ni "Taxpayer Identification Number", namba ya utambulisho wa mlipakodi.

OTP ni "One-Time Password", nywila ya kutumika mara moja. PIN hukaa na mwenyewe hadi atakapoibadilisha. OTP hutumwa kwa ujumbe kila inapohitajika na huisha muda wake baada ya kitambo kifupi. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayefungua akaunti ndiye mwenye simu. Kwa hiyo mtu anayepiga simu na kusema, "Nisomee hizo tarakimu zilizoingia sasa hivi," anaomba ufunguo wa akaunti yako, hata kama amejitambulisha kuwa mtumishi wa benki, wa kampuni ya simu au wa Halmashauri. Usimsomee.

PUK ni namba yenye tarakimu nane ya kufungulia laini iliyojifunga baada ya PIN ya laini kukosewa mara tatu. PUK yenyewe ikikosewa mara kumi, laini hiyo haitatumika tena. Ni vyema kuacha kubahatisha na kuwasiliana na mtoa huduma mapema.

NIDA na NIN huchanganywa mara kwa mara. NIDA ni Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. NIN ni "National Identification Number", namba ya utambulisho wa taifa yenye tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo huonesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Fomu ya Kiingereza ikiuliza NIN, inahitaji namba hiyo.

USSD ni "Unstructured Supplementary Service Data". Jina ni refu, lakini kitu chenyewe tunakijua: ni msimbo unaoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Msimbo wa huduma za Serikali *152*00# ni wa aina hii, na vivyo hivyo *106#, unaomwezesha mwananchi kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. USSD haihitaji intaneti, hivyo hata mwenye simu ya kitochi huweza kuitumia.

Kusoma anwani ya tovuti

URL ni "Uniform Resource Locator", yaani anwani ya ukurasa katika mtandao. Tazama mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju unaofuata jina hilo. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kama ilivyo kwa kasuludc.go.tz. Anwani iliyoandikwa "kasuludc-go-tz.com" ingefanana nayo kwa haraka, lakini mwisho wake ni .com, si .go.tz. Mwanafunzi anayetumiwa kiungo cha "uchaguzi wa kidato cha tano" au cha "ajira mpya za Serikali" aangalie mwisho huo kabla ya kujaza taarifa zozote.

HTTPS, inayotangulia anwani nyingi, huishia na S ya "Secure", salama. Maana yake ni kwamba taarifa husafiri zikiwa zimefungwa kwa msimbo ili wengine wasizisome njiani. Haina maana kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata tapeli anaweza kuwa na tovuti yenye HTTPS.

Vifupisho vya mazungumzo

SMS, yaani "Short Message Service", ilitumwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1992. Ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, na ufinyu huo ulizidisha mazoea ya kufupisha. FYI ni "For Your Information", kwa taarifa yako. ASAP ni "As Soon As Possible", mapema iwezekanavyo. LOL ni "Laughing Out Loud", kucheka kwa sauti. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa umma nchini Uingereza, ilielezwa kwamba Waziri Mkuu David Cameron aliwahi kumalizia ujumbe wake kwa LOL akidhani ni "Lots Of Love", yaani kwa upendo mwingi. Kosa hilo katika salamu za rambirambi lingemuumiza mfiwa. Vifupisho hivi vibaki katika mazungumzo ya marafiki, visiingie katika barua ya maombi ya kazi wala katika karatasi ya mtihani.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, usiujibu. Utume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na namba iliyoutuma. Ikiwa umekwisha kutaja PIN au OTP, wasiliana mara moja na benki yako au kampuni yako ya simu ili akaunti izuiwe. Na ukiletewa ujumbe wa Kiingereza unaodai fedha kwa jina la Halmashauri, uoneshe kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata kabla ya kulipa.