FUNDI AKIPIGA WINDOWS MPYA, ANGALIA SAA KABLA HUJAUZA KITU

Leo naongelea kitu kidogo ambacho nusura kinifanye nimfukuze kijana wangu wa dukani bila kosa: saa ya kompyuta.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba, Alhamisi usiku tukiwa tumeshafunga, fundi alikuja kunitoa Windows 10 na kuniwekea 11. Akafuta kila kitu, akapiga Windows mpya, akarudisha programu ya mauzo na data zangu. Kazi safi. Hesabu ya siku hiyo kijana alishanikabidhi: mauzo 210,000, na hela 210,000.

Ijumaa mchana nafungua tena ripoti ya Alhamisi, nakuta 268,000. Nikamuita. "Dogo, elfu hamsini na nane iko wapi?" Akasema, "Kaka, hesabu ya jana nilikupa yote." Nikamfokea mbele ya wateja.

Baadaye nikapitia risiti moja moja. Za mwisho za Alhamisi zilisoma 21:50, 22:15, 23:40. Lakini sisi tulifunga saa mbili usiku! Na ile ya 23:40 ilikuwa ya madaftari niliyouza mimi mwenyewe Ijumaa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kumbe kompyuta ilikuwa inasoma saa za Marekani upande wa magharibi. Mwezi wa saba wako nyuma yetu masaa 10, kwa hiyo chochote nilichouza kabla ya saa nne asubuhi kiliandikwa cha jana. Sasa fikiria itokee tarehe 1: mauzo yako yanaingia mwezi uliopita.

KWA NINI INATOKEA
Apdeti ndogo za kila mwezi kwa kawaida haziguswi na tatizo hili. Shida huja Windows ikipigwa upya, maana mipangilio ya zamani inafutwa, na ikiwekwa kwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi inaanza na saa za huko.

KOSA TUNALOFANYA WENGI
Tukiona saa si sahihi, tunairekebisha kwa mkono. Usifanye hivyo. Kompyuta inachukua mtandaoni saa moja ya dunia nzima, inaitwa UTC, halafu inaongeza masaa ya eneo lako. Chukulia UTC ni bei ya jumla, na "Time zone" ni nauli ya kufikisha mzigo dukani kwako. Nauli ikikosewa, bei ya rejareja haiwezi kuwa sahihi. Ukisogeza saa kwa mkono, intaneti ikirudi inaweza kuivuruga tena, na tovuti nyingine zitakataa kufunguka zikidai saa yako ina makosa. Rekebisha "Time zone", saa itajipanga yenyewe.

FANYA HIVI
1. Kabla ya fundi kuanza, tafuta cmd kwenye kompyuta, ifungue, andika tzutil /g kisha bonyeza Enter. Kwetu inatakiwa kuleta "E. Africa Standard Time". Ipige picha kwa simu.

2. Akimaliza, ingia Settings, kisha "Time & language", kisha "Date & time". Kwenye "Time zone" chagua (UTC+03:00) Nairobi. Usihangaike kutafuta Dar es Salaam, haimo. Na usichague Moscow kwa sababu leo tuko sawa nao. Kila nchi ina sheria yake. Urusi ilibadilisha saa zake mwaka 2014.

3. "Set time automatically" iache imewashwa. "Set time zone automatically" izime kama kompyuta haitoki dukani. Ikikosea kujua uko wapi, itakuhamisha nchi.

4. Funga programu ya mauzo, ifungue upya, toa risiti moja ya majaribio. Linganisha tarehe na saa na simu yako, halafu ifute. Ndipo uanze kuuza.

Kama tarehe inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, hilo ni jambo lingine. Mara nyingi ni betri ndogo ya duara ndani ya mashine imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani inaitwa CR2032, mwambie fundi abadilishe.

USIKIMBIE APDETI
Usizime apdeti kwa kuogopa haya. Nchi zinabadilisha saa na kompyuta inajua kupitia apdeti. Sudan Kusini walikuwa saa moja na sisi hadi tarehe 1 Februari 2021, wakarudi nyuma saa nzima. Mwenye mteja Juba na kompyuta isiyoapdetiwa, saa za huko zinamdanganya mpaka leo.

Kijana wangu nilimuomba radhi, na mbele ya wateja vilevile, maana ndipo nilipomfokea. Ripoti ikileta hela isiyoonekana, anza na saa za risiti kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Mtumie mwenzako anayetumia kompyuta dukani. Ukikwama, uliza hapo chini.