Paa Nalo Lipumue: Panga Njia ya Hewa Kabla ya Kuezeka Bati



Katika makala hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka nyumba ikiwa imekwisha kujengwa: hewa ya chini ya paa. Familia inapoacha turubai na kuezeka bati, furaha huwa kubwa. Lakini baada ya miezi michache malalamiko huanza. Mchana chumba ni moto kama tanuri. Asubuhi maji yanadondoka kutoka juu ingawa mvua haikunyesha. Watoto wanakohoa usiku kucha. Wengi hulilaumu bati, lakini kosa si la bati. Hewa imenyimwa njia ya kutokea.

JE, BATI LINA TOFAUTI GANI NA NYASI?

Paa la nyasi lina vipenyo vingi vidogo. Moshi na joto hupenya polepole na kwenda zao, na jua la nje halifiki ndani upesi. Ukitaka kuona jinsi wazee wa Buganda walivyolijua jambo hili, tazama nyumba kubwa ya nyasi ya Kasubi hapa Kampala, ambayo ilijengwa mara ya kwanza mwaka 1882.

Bati halipitishi hewa hata kidogo. Mchana linachomwa na jua na kuwashushia joto waliomo ndani. Usiku linapoa haraka. Mvuke unaotokana na pumzi zetu, sufuria na nguo mbichi hupanda juu, hugusa bati la baridi na kugeuka kuwa matone. Matone hayo huozesha mbao za kenchi na kuotesha kuvu ukutani. Kampala iko karibu na Ziwa Victoria, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo nyumba isiyopumua haikauki.

HEWA ILIYOFUNGIWA INALETA MADHARA GANI?

1. Moshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Wanaoumia zaidi ni akina mama wanaopika na watoto wadogo, ambao hupata nimonia.

2. Sumu ya makaa. Jiko la makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulala na haamki tena. Matundu ya paa hayatoshi kuiondoa gesi hii. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama limefunikwa majivu.

3. Kifua kikuu. Vijidudu vyake husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na katika chumba kilichofungwa hukaa hewani kwa saa nyingi. Hewa inayopita huvipunguza.

LAKINI TULIAMBIWA TUZIBE MIANYA KWA SABABU YA MBU?

Ni kweli, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Mbu wa malaria huingia zaidi kwa kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Kwa hiyo mtu huuziba kwa udongo au matambara. Mbu wanapungua, lakini moshi, joto na kikohozi vinabaki ndani.

Jibu ni kuufunika mwanya kwa waya wa mbu badala ya kuuziba. Utafiti uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu madirishani na milangoni na kuzibwa mianya ya paa, pamoja na zile zilizowekewa dari ya wavu, ziliingiza mbu pungufu kwa karibu nusu au zaidi. Watoto wa nyumba hizo waliopatwa na upungufu wa damu pia walikuwa wachache. Tundu lenye waya hupitisha hewa na kumzuia mbu. Hata hivyo, endelea kulala ndani ya chandarua.

JINSI YA KUPANGA

Hewa ya moto hupanda. Ili itoke, inahitaji tundu la juu la kutokea na tundu la chini la kuingizia hewa mpya. Tundu moja peke yake halifanyi kazi vizuri. Zungumza na fundi kabla hajapiga bati la kwanza, kwa sababu baadaye ni gharama.

Hatua ya 1: Pima eneo. Kanuni ya ujenzi inayotumika Marekani inataka nafasi iliyo juu ya dari iwe na matundu yenye ukubwa wa sehemu 1 kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa 5. Eneo lake ni mita mraba 30. Ukigawanya kwa 150 unapata mita mraba 0.2, yaani sentimita mraba 2,000.

Hatua ya 2: Gawanya nusu kwa nusu. Nusu ya matundu iwe chini, mahali ukuta unapokutana na paa: matundu 10 ya sentimita 10 kwa 10, matano kila upande. Nusu nyingine iwe juu, kwenye pembetatu za ukuta chini ya kofia ya paa: tundu moja la sentimita 25 kwa 20 kila mwisho wa nyumba.

Hatua ya 3: Ongeza kwa ajili ya waya. Waya wa mbu hupunguza hewa inayopita, kwa hiyo zidisha matundu yote mara mbili. Upige misumari vizuri pembeni, usiache upenyo. Waya huzuia pia panya na popo kufanya dari kuwa makao yao.

Hatua ya 4: Zuia mvua. Acha bati litokeze nje ya ukuta kiasi cha sentimita 50. Kwenye matundu ya juu weka vipande vya bati vilivyoinama kuelekea nje.

Hatua ya 5: Ukiweka dari, acha nafasi kati yake na bati. Dari hupunguza joto sana, hata ikiwa ya mikeka ya mafunjo. Lakini mikeka hushika moto, kwa hiyo usipike chini yake. Kumbuka pia kwamba dari hukata njia ya hewa ya chumbani. Chumba kinahitaji dirisha na matundu yake chini ya dari. Matundu ya paa hayachukui nafasi ya dirisha.

Jikoni kukae mbali na chumba cha kulala, na moshi utoke moja kwa moja nje. Usiuelekeze darini.

KWA WANAOPANGA MUZIGO KAMPALA

Ndugu zetu wanaoishi Katwe, Kisenyi au Nsambya hawana uhuru wa kubomoa ukuta wa mwenye nyumba. Hata hivyo yako mambo wanayoweza kufanya:

- Tazama juu ya mlango na dirisha. Kama kuna matundu ya hewa yaliyozibwa kwa magazeti au nguo, yazibue na uweke kipande cha waya wa mbu.
- Kama ukuta kati yako na jirani haufiki kwenye bati, moshi na kikohozi cha mmoja ni cha wote. Kubalianeni kupikia nje.
- Fungua mlango na dirisha kwa pamoja kila asubuhi.
- Kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, ingia chumbani saa nane mchana. Utajua paa hilo likoje.

KUMBUKA

Tundu la hewa si kasoro ya nyumba wala si umaskini. Fundi akikuambia ameziba kila mahali, muulize hewa itatokea wapi. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya apimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Ukihitaji ushauri, muone VHT wa eneo lako.

Kinga ni bora kuliko tiba.