Je, Wajua? Mbuni Mkubwa wa Olduvai Alitambuliwa kwa Nyonga

Mkazi wa kijiji cha Nandagala akisikia habari za mifupa ya kale hukumbuka Tendaguru, huko huko mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Lakini Tanzania ina ndege wa kale pia.

Mwaka 1933, mtaalamu wa ndege Mwingereza, Percy Lowe, alieleza vipande vya nyonga kutoka Korongo la Olduvai, Ngorongoro. Hakuwa na fuvu wala manyoya. Hata hivyo nyonga ilitosha: ni ya mbuni, tena mkubwa kuliko wa leo. Akampa jina Struthio oldawayi.

Nyonga ya mbuni ina siri yake. Kwa ndege wengine walio hai, mifupa miwili ya kinena huishia mbalimbali, haigusani. Kwa mbuni hukutana chini na kuungana. Mguu nao hausemi uongo: ndege wengi wana vidole vitatu au vinne, mbuni ana viwili tu, kwa hiyo ncha ya chini ya mfupa wa mguu ina vifundo viwili vya kubebea vidole. Kidari chake ni bapa, hakina ule ukingo unaoshika misuli ya kurukia.

Ndiyo maana kipande kidogo kina thamani kubwa. Ukikutana na mfupa uliogeuka jiwe shambani au korongoni, usiung'oe wala kuuvunja. Weka alama mahali hapo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji.