Atlasi ya Biblia, Kitabu cha Miinuko na Mabonde

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, baada ya Kiserian na Kona Baridi nchi inaporomoka. Baridi inabaki nyuma, koti linavuliwa, na baada ya kilomita 110 hivi unafika ziwani ukiwa umeshuka zaidi ya mita 1,000. Sasa chukua mteremko wa kiasi hicho uubane ndani ya kilomita 25 tu. Hiyo ndiyo barabara ya kale ya kutoka Yerusalemu hadi Yeriko. Yerusalemu imekaa milimani, karibu mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko mita 250 hivi chini ya usawa huo.

Yesu aliposimulia habari za msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia hiyo, wasikilizaji wake waliijua vizuri: makorongo, mawe, jua kali, na hakuna kijiji cha kukimbilia. Msomaji wa Kariobangi jijini Nairobi hajawahi kuipita. Mwanafunzi wa CRE, mwalimu wa shule ya Jumapili, mhubiri wa kanisa la mabati na katekista wa parokia ya Holy Trinity wote wanasoma majina yaleyale ya miji, na wengi wanategemea ramani tatu au nne zilizobandikwa mwishoni mwa Biblia. Ramani hizo zinakuonyesha mji uko upande gani. Hazikuambii kama msafiri alipanda au alishuka, kama alipata maji njiani, wala kama alifika siku hiyohiyo.

Kazi hiyo ni ya atlasi ya Biblia. Na kipimo cha kwanza cha atlasi nzuri ni hiki: inaonyesha nchi ilivyoinuka na ilivyobonyea kabla ya kuchora mishale ya safari za watu.

Je, wajua ramani hizi zilianzia wapi?

Ramani ya zamani zaidi ya nchi za Biblia inayoonekana hadi leo iko sakafuni. Ni picha ya vijiwe vya rangi katika kanisa la Mtakatifu George mjini Madaba, nchini Jordan, iliyotengenezwa katika karne ya 6. Upande wa juu wa ramani hiyo ni mashariki. Fundi wake alichora Yerusalemu na barabara yake kuu yenye nguzo, na katika Mto Yordani akaweka samaki anayegeuka na kuogelea kurudi mtoni, kwa sababu mbele yake kuna Bahari ya Chumvi na humo samaki hawaishi. Kwa samaki mmoja ameeleza hali ya maji ya nchi nzima.

Ramani ya kwanza kuchapishwa ndani ya Biblia ilitoka Zurich mwaka 1525, katika Agano la Kale lililochapishwa na Christopher Froschauer. Ilikuwa kazi ya mchoraji Lucas Cranach Mkubwa, lakini ilichapishwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Bahari ya Kati, ambayo iko magharibi mwa nchi hiyo, ikatokea mashariki. Ramani imekuwa ikihitaji jicho la kuhakiki tangu siku yake ya kwanza ndani ya Biblia.

Vipimo vya uhakika vilikuja karne ya 19. Kati ya 1871 na 1877 shirika la Palestine Exploration Fund la London lilipima nchi upande wa magharibi wa Yordani. Kazi hiyo iliongozwa na maofisa wa jeshi, wakiwemo Claude Conder na Horatio Herbert Kitchener, yule ambaye baadaye aliongoza vita vya Omdurman nchini Sudan. Matokeo yake ni karatasi 26 za ramani, pamoja na maelfu ya majina yaliyokusanywa kwa wanavijiji.

Majina hayo ni hazina. Mwaka 1838 Mmarekani Edward Robinson na mwenzake Eli Smith, aliyekijua Kiarabu, walikuwa wamegundua kwamba vijiji vingi vimehifadhi majina ya kale: Anata ni Anathothi ya nabii Yeremia, na Beitin ni Betheli. Walipendekeza pia kwamba al-Jib ni Gibeoni. Miaka zaidi ya 100 baadaye, James Pritchard alichimba al-Jib kuanzia 1956 akapata mishikio ya mitungi iliyochongwa jina la Gibeoni. Kumbukumbu ya wanavijiji ikathibitishwa na udongo.

Pwani yetu nayo ina kisa cha aina hiyo. Wamisionari wa Rabai, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walisikiliza habari za wasafiri wa misafara wakachora ramani ya bara iliyochapishwa Ulaya miaka ya 1855 na 1856. Ilikuwa na ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wasafiri hawakukosea: walizungumzia maziwa ambayo leo tunayaita Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Kosa lilikuwa kuyaunganisha na kuyachora kwa mstari usio na alama yoyote ya shaka.

Bonde letu na bonde lao

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alifika hadi Baringo akichunguza kuta za bonde, na mwaka 1896 akachapisha kitabu kilicholipa jina Bonde Kuu la Ufa. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilieleza ufa mmoja unaotoka Lebanoni, ukapita Yordani na Bahari ya Shamu, hadi Kenya na Msumbiji.

Wanajiolojia wa leo wanafafanua zaidi. Nchini Kenya, ardhi inavutwa pande mbili na kupasuka. Kwenye Yordani mabamba mawili ya ardhi yanapishana: upande wa mashariki umesogea kaskazini takriban kilomita 100 ukilinganishwa na wa magharibi. Mifumo yote miwili inahusiana kupitia kufunguka kwa Bahari ya Shamu. Kwa hiyo anayetazama bonde kutoka ukingo wa Limuru anaona jamaa wa karibu wa bonde la Yeriko.

Undugu huo una tofauti kubwa ya kimo. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Bahari ya Galilaya, ambayo kwa eneo inakaribiana na Ziwa Naivasha, iko mita 210 hivi chini ya usawa huo. Maji hayo yamezungukwa na nyanda za juu, hivyo upepo wa baridi unaweza kuteremka ghafla na kuyachafua. Anayewaza Ziwa Viktoria anaposoma habari za dhoruba iliyowakuta wanafunzi wa Yesu humo atashangaa jinsi wavuvi walivyoweza kuvuka usiku mmoja. Ziwa lenyewe lina upana wa kilomita 13 tu.

Sura ya nchi inapofungua hadithi

Fungua Waamuzi sura ya 4 na ya 5. Sisera ana magari ya chuma 900. Debora na Baraka wanawakusanya watu wao juu ya mlima Tabori. Kwenye ramani isiyo na miinuko, hayo ni majina matatu na mshale. Kwenye ramani yenye miinuko unaona uwanda wa Yezreeli ukiwa tambarare, mahali pa kufaa sana kwa magari ya vita, na kijito cha Kishoni kikipita katikati. Udongo wa uwanda huo ni mzito na mweusi, wa aina inayojulikana na kila aliyewahi kutembea Embakasi au Kayole wakati wa masika. Mvua ikinyesha unavimba, unanata, na gurudumu halitoki. Wimbo wa Debora unautaja mto Kishoni kuwa ndio uliowasomba adui. Ramani nzuri inakuonyesha jinsi silaha kubwa ya Sisera ilivyogeuka kuwa mzigo.

Umbali nao unabadilisha usomaji. Kutoka Dani hadi Beer-sheba, mipaka inayotajwa mara nyingi kumaanisha nchi nzima, ni kama kilomita 240, takriban Nairobi hadi Mtito Andei. Bethlehemu iko kilomita 9 hivi kutoka Yerusalemu, umbali usiopishana sana na wa Kariobangi hadi katikati ya jiji. Eneo lote kati ya Yordani na Bahari ya Kati ni kilomita za mraba 27,000 hivi, dogo kuliko kaunti ya Kitui peke yake.

Majaribio ya kufanya ukiwa umeinama

Atlasi mpya ni ghali, na wengi huzipata kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, wale wa "inama" wanaopanga bidhaa kando ya njia. Hapo huna nafasi ya kusoma kitabu kizima. Dakika 10 zinatosha ukijua pa kufungua.

*Miinuko.* Tafuta ukurasa wa Yerusalemu na Bahari ya Chumvi. Je, kuna vivuli vya milima, rangi za kimo, au mchoro wa mkato kutoka pwani hadi ng'ambo ya Yordani? Katika kilomita zisizofika 80 nchi inapanda kutoka baharini hadi mita 800, kisha inatumbukia kwenye bonde lililo chini kuliko yote ya nchi kavu duniani. Kama ukurasa hauonyeshi hivyo, rudisha.

*Skeli.* Kila ramani iwe na mstari wa kilomita. Nyumbani utachukua uzi wa cherehani, uulaze juu ya njia ukifuata kila kona, kisha uunyooshe kwenye mstari huo. Pima Nazareti hadi Yerusalemu mara mbili, kwanza kupitia Samaria, kisha kupitia bonde la Yordani. Uzi wa bondeni utazidi, na rangi za kimo zitakuonyesha kwamba anayeufuata anamalizia safari kwa kupanda karibu mita 1,000.

*Alama ya kuuliza.* Fungua ukurasa wa Emau. Luka anataja stadia 60, kama kilomita 11, lakini baadhi ya nakala za kale zina 160, karibu kilomita 30. Ndiyo maana vijiji zaidi ya kimoja vimependekezwa. Kana nayo ina mahali pawili panaposhindaniwa, Kafr Kanna na Khirbet Qana. Bethsaida ina et-Tell na el-Araj. Njia ya Waisraeli kutoka Misri ina mapendekezo kadhaa. Atlasi inayoweka alama ya kuuliza, au inayochora njia mbili kwa nukta, inamheshimu msomaji. Inayochora mstari mmoja mnene kwa kila jambo inarudia kosa la ziwa la Rabai.

*Namba ya Bahari ya Chumvi.* Tazama kimo chake kilichoandikwa. Atlasi za miaka ya 1960 hutaja mita 390 na kitu chini ya usawa wa bahari. Leo maji yameshuka kupita mita 430, na yanaendelea kushuka karibu mita moja kila mwaka, kwa sababu maji ya Yordani yanachukuliwa kwa matumizi ya watu na mashamba, na viwanda vya madini vinakausha maji ya ziwa lenyewe. Namba hiyo inakuambia umri wa takwimu vizuri zaidi kuliko tarehe ya jalada. Umri pekee haukatazi kununua, maana milima haijahama, lakini mijadala kama ya Bethsaida imesonga mbele: uchimbaji wa el-Araj ulianza 2016.

*Kusini.* Angalia ramani kubwa inaishia wapi. Nyingi hukata Afrika karibu na Aswan. Lakini mfalme Tirhaka anayetajwa katika 2 Wafalme 19 alitoka Kushi, na piramidi yake iko Nuri nchini Sudan. Towashi wa Matendo 8 alimtumikia Kandake, malkia wa ufalme uliokuwa na makao yake Meroe, kaskazini mwa Khartoum. Msomaji wa Afrika Mashariki anastahili ramani inayofika huko.

*Faharasa.* Tafuta majina matano. Yasipopatikana upesi, kitabu kitakuchosha.

Zipi zinazofaa?

*Zondervan Atlas of the Bible* ya Carl Rasmussen inaanza na sehemu nzima kuhusu nchi, kanda kwa kanda, kabla ya kuingia historia. *New Moody Atlas* ya Barry Beitzel (2009) nayo inatilia mkazo jiografia ya asili. *Carta Bible Atlas*, iliyoanzishwa mwaka 1968 na Yohanan Aharoni na Michael Avi-Yonah kwa jina la *Macmillan Bible Atlas*, ina ramani zaidi ya 200, karibu kila vita na safari ikipewa yake. Inamfaa anayefundisha kitabu kimoja kwa undani. *Oxford Bible Atlas*, iliyotoka kwanza 1962, toleo la nne (2007) likiwa la Adrian Curtis, ina nguvu katika historia na akiolojia. *Satellite Bible Atlas* ya William Schlegel inachora matukio juu ya picha za setilaiti, hivyo makorongo yanaonekana yenyewe.

Kwa darasa la Kariobangi ningenunua kwanza Rasmussen au Beitzel, kwa sababu mwanafunzi aliyeielewa nchi ataweza kuisoma ramani nyingine yoyote. Zote ni za Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kwanza ya darasa iwe kutengeneza jedwali la majina ya Biblia ya Kiswahili, Yezreeli, Ashuru, Bahari ya Shamu, Kapernaumu, kila moja na ukurasa wake, na kulibandika ndani ya jalada. Watu 10 wakichanga, nakala moja inatosha. Iwekwe mahali ambapo mwalimu wa Jumapili na mwanafunzi wa sekondari wanaweza kuichukua bila kuomba ufunguo wa kabati, maana ramani inafundisha pale tu inapofunguliwa kando ya Biblia iliyofunguliwa.