Jina Lile Lile, Namba Nyingine: Kwa Nini Kompyuta Huwasahau Wenye Mafaili

Siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu wa sekondari akilalamika kwamba kompyuta ya shule imemkataa. Mfumo endeshi umewekwa upya, jina lake limeandikwa kama lilivyokuwa, neno la siri ni lile la zamani, na mafaili yake anayaona kwa macho yamepangwa katika kabrasha lake. Lakini kila akijaribu kufungua moja anajibiwa kwamba hana idhini. Wapo wanaodhani kuwa ni virusi. Wapo pia wanaoamua kuifuta diski yote na kuanza upya, na hapo ndipo hasara ya kweli inapotokea, kwa maana mafaili yalikuwa mazima wakati wote.

Katika makala haya tutaeleza chanzo cha jambo hilo na namna ya kulirekebisha. Tutaonyesha pia kwamba kukataliwa si balaa kubwa kuliko yote. Ipo hali nyingine ambayo kompyuta, bila kutoa onyo lolote, humkubali mtu asiyehusika.

Mfano wa shule ya mlimani

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya kata katika tarafa ya Mgeta, wilaya ya Mvomero. Anayeifahamu njia ya kupanda kutoka upande wa Mzumbe kuingia magharibi ya milima ya Uluguru anajua kwamba fundi haitwi asubuhi akafika adhuhuri, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo kompyuta ikiharibika huko, aghalabu hutengenezwa na aliye karibu: mwalimu wa fizikia, au kijana aliyepata mafunzo kidogo mjini Morogoro.

Tuseme shule hiyo ina kompyuta moja ya ofisi inayotumia Linux, nayo ina akaunti mbili. Ya kwanza, iliyofunguliwa siku kompyuta ilipoletwa, inaitwa taaluma. Humo mwalimu wa taaluma huweka alama za tathmini endelevu za Kidato cha Nne, zile zinazopelekwa Baraza la Mitihani. Ya pili, iliyofunguliwa baadaye, inaitwa kidato4. Humo wanafunzi hufanyia mazoezi. Siku moja umeme unakatika ghafla, mfumo endeshi unaharibika, na inalazimu uwekwe upya. Mwekaji anaiacha bila kuigusa sehemu ya diski yenye mafaili ya watu, jambo la busara kabisa, kisha anafungua akaunti zile mbili kwa majina yale yale. Ila safari hii anaanza na kidato4.

Asubuhi inayofuata mwalimu wa taaluma hawezi kufungua hata orodha moja ya alama; huenda asiweze hata kuingia. Lakini mwanafunzi yeyote aliyeketi mbele ya akaunti ya kidato4 anaweza kuzisoma alama hizo, kuzibadili, na kuzifuta. Hakuna aliyeiba neno la siri, wala hakuna kilichoharibika.

Kompyuta haijui majina

Waluguru ni watu wanaofuata ukoo wa mama. Mtu akija kudai haki katika shamba la ukoo, tuseme kipande cha matuta ya ngazi kilichopandwa njegere na kabichi, jina lake peke yake halimfikishi mbali, kwani majina hufanana. Linalotakiwa kujulikana ni mama yake ni nani, na mama wa mama yake ni nani. Mfumo endeshi nao hauridhiki na jina, ila swali lake ni fupi zaidi: namba yako ni ngapi? Mfano huu usivutwe mbali mno. Wazee hukumbuka na kupima maneno. Kompyuta hulinganisha namba mbili tu, na zikiwa sawa hufungua mlango.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mara watu wengi walipoanza kushiriki mashine moja, ikabidi pawe na njia ya kutenga kazi ya huyu na ya yule, na hapo ndipo akaunti na maneno ya siri vilipoingia katika matumizi. Kuanzia mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell walitunga mfumo wa Unix, ambao Linux imeufuata kwa mambo mengi. Nafasi ya kuhifadhia habari ilikuwa ndogo sana wakati ule. Namba hukaa katika nafasi ndogo kuliko jina, na kuzilinganisha namba mbili ni kazi nyepesi kwa mashine. Leo nafasi si tatizo, lakini utaratibu umebaki.

Katika Linux kila faili lina kitu mfano wa kadi ya maktaba. Kadi hiyo huonyesha ukubwa wa faili, saa lilipobadilishwa, mahali lilipo katika diski, ruhusa zake, na namba ya mwenye faili. Jina la mwenye faili halimo. Majina yanakaa katika daftari lingine, yaani faili liitwalo /etc/passwd, ambalo kila mstari wake huunganisha jina moja na namba moja. Tunapoorodhesha mafaili na kuona neno taaluma pembeni, kompyuta imesoma namba katika kadi, ikaenda kwenye daftari, ikatuletea jina linalolingana nayo siku hiyo.

Sasa jambo liko wazi. Mfumo endeshi unapowekwa upya, daftari la zamani hutupwa na jipya huanzishwa, lakini kadi za mafaili hubaki na namba zao. Akaunti mpya hupewa namba kwa mfuatano, na katika Linux nyingi za leo mfuatano huo huanzia 1000. Hapo mwanzo taaluma ilikuwa 1000, na kidato4 ilikuwa 1001. Baada ya kuanza na kidato4, namba zimebadilishana, na alama za mtihani zimehama pamoja nazo.

Hata mwekaji akifuata mpangilio ule ule, hayuko salama siku zote. Linux za jamii ya Red Hat zilikuwa zikianza kuhesabu watu kuanzia 500, mpaka toleo la saba la Red Hat Enterprise lililotoka mwaka 2014 lilipohamia 1000. Aliyetoka toleo la sita kwenda la saba kwa kuweka upya alikuta akaunti ya namba 1000 ikidai mafaili ya namba 500, na kila mtu akafungiwa nje ya kabrasha lake.

Katika chuo kimoja cha ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamivu, namba ya mwanafunzi aliyekwisha kuondoka ilipewa mgeni aliyefika baada yake. Siku ya kwanza tu mgeni yule alikuta rasimu za tasnifu ya mtangulizi wake zikiwa mali yake. Yalikuwa mambo ya kuchekesha kwa kuwa hakuna aliyeumia. Alama za Kidato cha Nne si za kuchekesha.

Windows ina njia yake

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, shule zenye kompyuta ambazo hazikidhi masharti ya Windows 11 zina sababu nyingine ya kuwaza kuweka mfumo upya. Windows haitoi 1000 na 1001 tu. Inapowekwa, hujitungia kitambulisho chenye namba tatu za kubahatisha, kila moja ya biti 32. Kisha huongeza mwishoni namba fupi ya kila mtumiaji. Wanafunzi wa hesabu wakokotoe: biti 96 zinatoa uwezekano wa 2 kwa kipeo cha 96, yaani takriban 8 ikifuatwa na sifuri 28. Kwa hiyo uwezekano wa akaunti mpya kuangukia kitambulisho cha zamani haufai hata kufikiriwa. Hatari ya mwanafunzi kurithi mafaili ya mwalimu kwa njia hii haipo, lakini kukataliwa ni karibu hakika, na palipokuwa na jina la mwenye faili sasa huonekana mfululizo mrefu wa tarakimu unaoanza na S-1-5-21. Msimamizi wa kompyuta anaweza kuutwaa umiliki wa kabrasha la zamani kisha akampa mwenyewe. Amri za takeown na icacls zipo kwa kazi hiyo.

Namna ya kurekebisha

Tuirudie shule yetu ya Mgeta. Kosa la kwanza la kuepuka ni kufungua ruhusa zote kwa watu wote ili mradi mwalimu afanye kazi. Nimekwisha kuliona likifanywa zaidi ya mara moja, nalo huondoa malalamiko kwa kuondoa ulinzi wote. La pili ni kugeuza umiliki wa mafaili yote ya diski kwa amri moja, kwani hapo mafaili ya mfumo wenyewe huharibiwa.

Kwanza itazamwe namba iliyomo katika kadi, si jina. Amri ya ls -ln huonyesha namba tupu, na amri ya id taaluma huonyesha namba ambayo akaunti imepewa sasa. Amri ya find / -nouser, ikitolewa na msimamizi, huorodhesha mafaili ambayo namba zake hazina mtu katika daftari jipya.

Kama akaunti zimebadilishana namba, kama zilivyofanya hapa, zibadilishwe akaunti na kuachwa mafaili. Namba mbili haziwezi kubadilishana nafasi kwa hatua moja, kama vile maji na maziwa yasivyoweza kubadilishana vikombe bila kikombe cha tatu. Kwa hiyo taaluma ipelekwe kwanza kwenye namba isiyotumiwa, tuseme 2000, kwa amri ya usermod -u 2000 taaluma. Kisha kidato4 ipelekwe 1001. Mwishowe taaluma irudi 1000. Kazi hiyo ifanywe na msimamizi wakati akaunti zote mbili zimefungwa, na namba za vikundi zitazamwe pia, kwa sababu kila mtu huwa na kikundi chake chenye namba. Mwekaji akiwa na habari mapema, haya yote hayahitajiki. Amri ya useradd -u 1000 taaluma humpa mtu namba yake ya zamani tangu mwanzo, mradi nakala ya /etc/passwd na ya /etc/group ilichukuliwa kabla, au namba ziliandikwa tu kwa kalamu katika daftari la ofisi.

Neno la siri lililosahauliwa ni suala jingine. Halihifadhiwi kama lilivyo, bali husagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, njia ambayo Robert Morris na Ken Thompson waliieleza katika andiko lao la mwaka 1979. Msimamizi anaweza kuweka jipya. Hawezi kulisoma la zamani.

Lipo moja ambalo halina dawa. Mafaili yakiwa yamefichwa kwa fumbo lililofungamana na akaunti, kama Windows iwezavyo kufanya kwa mafaili mojamoja, kuutwaa umiliki hakusaidii kitu. Mtu anapata faili mkononi na kukuta maandishi yasiyosomeka, kwa sababu ufunguo ulikaa katika akaunti iliyofutwa. Ufunguo huo sharti utolewe na kuwekwa mahali pengine kabla mfumo haujaguswa.

Walimu wengi hawajakutana na shida hizi kwa sababu huhifadhi kazi zao katika flashi. Mpangilio wa FAT unaotumika katika flashi nyingi hauna nafasi ya kuandika mwenye faili. Anayeichomeka ndiye mwenyewe, iwe ni mwalimu wa taaluma au aliyeiokota njiani.

Jaribio kwa wanafunzi

Katika kompyuta ya Linux isiyo na kitu cha thamani, msimamizi afungue akaunti mbili, na kila moja iandike faili moja lililozuiwa kwa wengine. Mafaili yaorodheshwe kwa ls -ln, na namba ziandikwe ubaoni. Kisha akaunti zote mbili zifutwe bila kufuta makabrasha yake, na zifunguliwe tena kwa kuanza na ile iliyokuwa ya pili. Kabla ya kujaribu kufungua faili lolote, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake ni akaunti ipi itakayolifungua faili lipi.