MTEJA AKIKUAMBIA "NACHAPA LAPA", UNAMJIBU NINI?

Leo tuongelee ile dakika ya mwisho ya mteja dukani, pale anapoaga.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, kila jioni alikuwa ananiungisha sukari, majani ya chai na vocha, kama 3,000 hivi. Akishachukua anasema, "Haya kijana, nachapa lapa." Mimi macho kwenye simu: "Poa." Ghafla akapotea. Kumbe kahamia duka la pili! Nilipokutana naye nikamwamkia, nikamuuliza kama nilimkosea. Akacheka. "Hujanikosea mwanangu. Ila pale kwako nilikuwa naaga ukuta."

Piga hesabu: 3,000 kwa siku, kwa mwezi ni mauzo ya 90,000. Yameondoka hivi hivi kwa ajili ya "poa."

Nikaanza kusikiliza wateja wanavyoaga, hasa wakubwa. Wana maneno yao ya zamani, na mengi ni utani unaosubiri jibu:

1. "Nachapa lapa." Anaondoka kwa miguu. Mjibu: "Lapa lisikatike njiani, mzee!"

2. "Nakata mbuga." Anaondoka kwa haraka. Mjibu: "Simba wakikuona wapishe!" Na chenji yake iwe tayari, huyo ana haraka kweli.

3. "Natambaa." Anajiondokea taratibu. Mjibu: "Tambaa salama, kesho utambae huku huku."

4. "Alamsiki." Hii siyo utani, ni kuaga kwa heshima usiku. Jibu lake ni "Binuru." Ukijibu hivyo, mtu mzima anageuka kukutazama mara mbili.

Sasa angalizo. Kuna "kula kona" na "kuingia mitini." Hayo ni maneno ya kutoroka. Mteja akijisemea mwenyewe "ngoja nile kona," cheka naye. Ila mwenye deni usimwambie mbele za watu "naona uliingia mitini." Utacheka wewe, yeye ataona umemvua nguo, na hela yako ndiyo itaingia mitini kweli. Deni ongea naye pembeni.

Mzee wangu amerudi. Juzi akaaga, nikamwambia lapa lisikatike. Akanyanyua mguu: "Limeshakatika, unauza?" Sikuwa nayo. Wiki hii nimeleta ndala.

Kwenu huko wazee wanaagaje? Tuandikie hapo chini tujifunze. Haya, mimi natambaa!